Alton Mason katika kurasa za majarida: vijana wetu wa Lamu wanaiga nguo au wanaiga mwendo?

FundiLangoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleykum, wana jukwaa. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka aupite, mwenye nafasi akae.

Ninataka tumjadili Alton Mason, mwanamitindo wa Kimarekani aliyezaliwa Phoenix, Arizona, mwaka 1997, na hasa kazi zake za majarida, kwa sababu sura yake ni miongoni mwa zile ninazoonyeshwa sana kwenye simu za vijana wanaoingia kwangu kushonesha. Ninasema kazi za majarida kwa makusudi. Mwanamitindo wa kiwango chake hupita jukwaani wakati wa maonyesho, hupigwa picha za matangazo ya nguo na manukato, na hupigwa pia zile picha ndefu za kurasa nane, kumi au zaidi ndani ya majarida kama Vogue na GQ, ambamo hakuna anayekuhimiza ununue chochote, ila pembeni kuna maandishi madogo yanayotaja nani alishona nini, na picha zenyewe zinafuatana kama kisa. Vijana wetu huzichanganya zote tatu katika simu moja na kuziita picha za Alton. Mimi naona zile za tatu ndizo zinazowashika moyo, na ndizo wanazozielewa vibaya zaidi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Mason hakuanza na nguo. Alisomea dansi na maigizo huko Los Angeles, na Instagram ndiyo iliyowafikisha kwake watu wanaotafuta sura mpya. Mwaka 2022 alionekana katika filamu ya maisha ya Elvis Presley, akiigiza nafasi ya Little Richard, na aliyeiona sehemu ile, ingawa ni fupi, hakuhitaji kuambiwa kwamba mwili wa mtu huyu ulifundishwa kabla ya kuvishwa. Nimelitaja hilo mapema kwa kuwa ndilo linalobeba hoja yangu: kinachowavuta watu katika picha zake ni mwendo, na nguo imefuata tu.

Wengi wanamjua kwa tukio la Desemba 2018 mjini New York, alipokuwa mwanamitindo mweusi wa kwanza wa kiume kupita katika onyesho la Chanel. Onyesho hilo lilifanyika ndani ya makumbusho ya Metropolitan, kando ya hekalu la Dendur, jengo la mawe lililosimamishwa Nubia katika zama za Warumi, likabomolewa jiwe kwa jiwe kuokolewa na maji ya bwawa la Aswan, kisha Misri ikaipa Marekani mwaka 1965. Mada ya mavazi ilikuwa Misri ya kale. Naomba tusiikuze rekodi hiyo kupita kiasi, wala tusiidunishe. Chanel ilianza mwaka 1910, lakini ni nyumba ya mavazi ya kike, na wanaume wanaopita katika maonyesho yake wamekuwa wachache tangu hapo, kwa hiyo mlango ulikuwa mwembamba kwa kila mwanamume. Mwanamuziki Pharrell Williams naye alipita usiku huo katika mavazi ya rangi ya dhahabu. Pamoja na hayo, kungoja miaka 108 si jambo la kulipitia haraka, na vijana weusi waliokuwa wakiitazama picha ile walikuwa na haki ya kuihesabu kuwa yao.

Sasa tuje kwenye pesa, maana kila kijana anayeniambia anataka kuwa mwanamitindo huanzia hapo. Kurasa za majarida hulipa kidogo mno. Kwa kawaida ni dola mia chache kwa siku nzima, na wapo wanaokubali kupigwa bila malipo yoyote. Fedha iko katika matangazo, hasa mikataba ya manukato. Hata huko mwanamume yuko nyuma sana: katika makadirio ya mapato ya wanamitindo yaliyotolewa na jarida la Forbes mwaka 2013, Sean O'Pry, aliyewaongoza wanaume wote, aliwekewa dola milioni 1.5, ilhali Gisele Bündchen aliwekewa dola milioni 42. Ni moja ya kazi chache ambazo mwanamume akimtazama mwenzake wa kike anaona haya kutaja mshahara wake. Basi kwa nini wote wanazigombania kurasa zisizolipa? Kwa sababu wanaochagua sura za matangazo husoma majarida hayo kabla ya kutoa mikataba. Jarida humpa mwanamitindo uzito, na tangazo huja kununua uzito huo.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaonyesha jambo moja kwa ukaribu, kama fundi. Alikuja kijana mmoja mchukuzi wa gatini, mcheshi, mwenye pesa zake mkononi, akinionyesha picha ya koti fupi la mabega mapana na suruali pana iliyolala juu ya kiatu. Nguo zinazotumika katika picha kama hizo ni sampuli. Hushonwa moja tu kwa kila mtindo, kwa kipimo kimoja, ambacho kwa wanaume wa Ulaya mara nyingi ni 48, na nambari hiyo ni nusu ya mzunguko wa kifua kwa sentimita. Kwa hiyo koti lile lilikatiwa kifua cha sentimita 96 na mtu mwenye urefu unaokaribia sentimita 190. Mteja wangu ana kifua cha 106, urefu wa kawaida, na bega lake la kulia limeshuka kidogo kwa miaka ya kubeba magunia na mabati. Zaidi ya hayo, mvalishaji huibana nguo kwa vibanio mgongoni na kiunoni, kwa kuwa kamera inatazama mbele tu. Mkitaka kujua, chunguzeni pindo la mbele la koti: likinyooka mno hali mtu amejipinda, jueni nyuma kuna vibanio. Kijana hawezi kutembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, akiwa na vibanio mgongoni, akiwapisha punda na mikokoteni.

Nilimshonea koti lake, nikamwekea pedi nyembamba upande wa bega lililoshuka, akalipenda. Lakini alipojitazama kwenye kioo alisimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho, mikono imebana mapajani, na palepale koti likafa. Nguo ilikuwa sahihi. Aliyekosekana ndani yake ni mtu anayejua afanye nini na mabega yake.

Na sisi watu wa Lamu hatukupaswa kufundishwa jambo hili na New York. Kanzu ni vazi ambalo karibu halimtofautishi mtu na mtu. Limekatwa wima, linaning'inia kutoka mabegani, halionyeshi kiuno wala kifua, na wakati wa Maulidi unakutana na mamia ya wanaume waliovaa nguo ileile nyeupe. Lakini kila mmoja wetu anaweza kusema fulani amependeza na fulani hakupendeza, na tunachokipima ni jinsi alivyoiweka kofia, alivyoibeba bakora, na alivyoweka mguu chini. Watazameni wanaume wakicheza goma, safu nzima imeshika bakora na inayumba taratibu kwa pamoja. Mzee wa miaka sabini huwa anawafunika vijana wote, na kanzu yake si mpya. Mason anafanya jambo la namna hiyohiyo mbele ya kamera. Ndiyo maana nasikitika kijana anapokuja na picha yake na kuniuliza bei ya kitambaa.

Hoja yangu basi ni kwamba mashabiki wengi wa mwanamitindo huyu wanaiga kile ambacho hata yeye hakimiliki, maana nguo hurudishwa kwa wenyewe jioni ileile, na wanakiacha kile ambacho ni chake. Ninaomba maoni, hasa ya wapiga picha na ya wazazi.

PichaShela

Fundi, nimeusoma uzi wako mara mbili. Nakubaliana nawe kuhusu vibanio, nami nimewahi kuwashikilia watu vioo vya kurudisha mwanga walipokuja kupiga picha za mitindo kwenye ufuo wetu. Lakini nadhani umempa mwanamitindo sifa ambayo si yake peke yake.

Picha moja ya jarida ni kazi ya kundi zima. Kuna mhariri wa mitindo aliyebuni kisa, mpiga picha, mvalishaji na wasaidizi wake, wa nywele, wa vipodozi, wa mwanga, na anayetafuta mahali. Siku inapigwa fremu mia kadhaa, pengine zaidi, na msomaji anaona kumi. Huo mwendo unaousifu umechaguliwa na mtu mwingine ofisini, ambaye amezitupa fremu zote ambazo mwanamitindo alionekana amechoka au amefumba macho. Ukimpa mhariri fremu mia tatu za mchukuzi wako wa gatini, zilizopigwa saa kumi na moja jioni jua likiwa limelala juu ya mchanga wa Shela, nakuahidi atapata kumi za kukushangaza.

Tena kuna suala la nani ameshika kamera. Vogue ya Marekani ilianza mwaka 1892, lakini hadi mwaka 2018, Tyler Mitchell alipompiga Beyoncé, jalada lake halikuwahi kupigwa na mpiga picha mweusi. Mwaka huohuo Mason akapita kwa Chanel. Sidhani mambo hayo mawili yametengana. Walioshika kamera na walioketi kwenye viti vya uhariri walipoanza kubadilika, ndipo na miili ya namna nyingine ilipoanza kuonekana kuwa inafaa. Kijana wa Mkomani akijiona katika picha ya Mason, ajue pia kwamba kuna mtu nyuma ya kamera aliyeamua kwamba ngozi ile iangaziwe ipasavyo. Kuiangazia ngozi nyeusi ni ujuzi. Ukipima mwanga kwa kufuata kanzu nyeupe, uso unageuka kivuli. Kila anayepiga arusi hapa kwetu ameshaharibu picha za bwana arusi kwa sababu hiyo.

MlaSamakiMalindi

Mimi niko Malindi, na huku mwanamitindo si mtu wa kwenye karatasi. Naomi Campbell amekuwa akija kwetu kwa miaka mingi, na Januari 2021 Wizara ya Utalii ilimtangaza kuwa balozi wa utalii wa Kenya. Mnakumbuka makelele yaliyofuata. Watu walihoji kwa nini asipewe Mkenya kama Lupita Nyong'o. Siingii huko. Ninachosema ni kwamba sijawahi kusikia mtu akipendekeza mwanamitindo wa kiume kwa kazi kama hiyo, na hilo linathibitisha ulichosema juu ya fedha. Mwanamke katika taaluma hii huwa mtu mashuhuri kwa jina. Mwanamume hubaki sura ambayo watu wanaijua bila kujua anaitwaje.

Ila yupo mmoja aliyevunja kanuni hiyo kabla ya huyu wenu. Walio na umri wangu watamkumbuka Tyson Beckford, mzaliwa wa Bronx mwenye asili ya Jamaika na Uchina, ambaye mbunifu Ralph Lauren alimfanya uso wa mavazi yake ya Polo katika miaka ya 1990. Picha zake zilifika mbali sana. Hatukuwa na Instagram, na hatukuwa na majarida yenyewe. Zilifika kwa mabango ya vinyozi na kwa kurasa zilizochanwa, na kwa sababu yake kila aliyepata shati la Polo kwenye mitumba alilificha asilione kaka yake. Nami nakubali kwamba tuliiga shati. Lakini Fundi, kulikuwa na jambo jingine la kuiga? Beckford alisimama tu, amekunja mikono, na kutazama. Shati lilikuwa na nembo ya farasi.

FundiLangoni

MlaSamaki, umenichekesha, lakini umeleta tofauti ya maana. Zile za Beckford unazozikumbuka zilikuwa matangazo, na tangazo linataka uikumbuke bidhaa. Ndiyo maana umemkumbuka farasi. Tangazo lililofanikiwa humwacha shabiki na kitu cha kununua. Kurasa za jarida humwacha na hali fulani asiyoweza kuitaja, naye anapokosa la kufanya nayo anakimbilia kununua. Hapo ndipo anaponiletea kazi, kwa hiyo pengine sikupaswa kulalamika.

PichaShela, sibishi kwamba fremu huchaguliwa. Nakuuliza hivi: wapo wanamitindo wengi wanaopigwa na wapiga picha walewale, kwa wahariri walewale, katika nguo zilezile, kwa nini picha za wengi wao hazikumbukwi baada ya toleo lijalo kutoka? Mhariri anachagua katika kile alicholetewa. Mchezaji dansi analeta fremu ambazo mguu mmoja uko hewani na uso umetulia, na hizo haziletwi na mchukuzi wangu hata ukimpiga fremu elfu, mpaka afundishwe. Kuhusu ngozi nyeusi na mwanga, nimekusikia, nami nakubali hilo limekuwa na nguvu kuliko nilivyoandika.

MamaWaMkomani

Ndugu zangu, nyinyi mnazungumzia mabega na mwanga, mimi nitazungumzia chakula. Nina kijana wa darasa la mwisho la sekondari ambaye ameacha kula wali usiku kwa sababu ya picha hizi. Anasema anataka kiuno cha suruali kikae. Mwenzake, kinyume chake, anabeba mawe yaliyotiwa simenti asubuhi na jioni na kunywa unga ambao hakuna anayejua umetengenezwa na nini. Fundi anasema waige mwendo, nami namshukuru, lakini mtoto haangalii mwendo. Anaangalia tumbo lake mwenyewe kisha anaangalia simu.

Na msidhani ni ujinga wa watoto peke yao. Karl Lagerfeld, huyohuyo mbunifu wa Chanel wa lile onyesho mlilolitaja, alipunguza kilo 42 kwa muda wa miezi 13 mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka sitini, na alisema wazi kwamba alitaka kuvaa suti nyembamba zilizobuniwa na Hedi Slimane kwa Dior, zilizokuwa zikivaliwa na vijana wembamba mno. Ikiwa mtu mwenye karakana nzima ya mafundi chini yake alikubali kukonda ili aingie kwenye nguo badala ya kuagiza nguo ikatwe upya, mtoto wangu atashindwaje kushawishika?

Ufaransa walifika mahali pa kutunga sheria. Tangu mwaka 2017 mwanamitindo anatakiwa awe na cheti cha daktari, na picha ya biashara iliyobadilishwa umbo la mwili kwa kompyuta lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Lakini kumbukeni kwamba masharti hayo ya kuandika yanahusu matangazo. Kurasa za jarida mnazozisifu hazikuguswa, kwa sababu zinahesabiwa kuwa kazi ya uhariri. Basi Ami Fundi, hizo kurasa zako zisizouza kitu ndizo zisizo na wa kuziuliza.

UstadhiWaLangoni

Mama amesema vyema. Nitaongeza kwa ufupi tu. Sina ugomvi na kijana kujipamba. Usafi na mavazi mema yana nafasi yake katika dini yetu, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba watu wa Lamu wanavaa vizuri mno siku ya Idi. Ninachokitazama ni sitara na kiburi. Picha nyingi za wanamitindo wa kiume siku hizi ni za kifua wazi, nazo hazina nguo ya kujadili. Fundi, ungetenganisha hizo na zile zenye kazi ya mshono, hoja yako ingesimama imara zaidi.

FundiLangoni

Mama wa Mkomani, hili lako limenikalisha kitako. Sina jibu la sheria, kwa hiyo nitajibu kwa tepu yangu.

Kijana anayekataa wali ili suruali ikae anafikiri suruali ndiyo iliyo sahihi na mwili ndio ulio na makosa. Hilo ni zao la sampuli. Zamani katika mji huu nguo nzuri haikuwepo mpaka mtu apimwe. Kanzu ilikatwa kwa mwenyewe, na kofia ya vito ilishonwa kwa mzingo wa kichwa cha mwenyewe, kwa miezi mingi ya kazi ya sindano ya akina mama. Hakuna aliyeweza kusema kichwa chake ni kikubwa kwa kofia, kwa sababu kofia haikutangulia kichwa. Katika kurasa za jarida mambo yamegeuzwa: nguo imetangulia, na mtu ametafutwa wa kuitosha. Mason amechaguliwa miongoni mwa maelfu kwa sababu anaitosha ile 48. Huyo mwanao amwambie fundi yeyote ampanulie kiuno cha suruali au amwongezee mkunjo mmoja mbele, kazi ya muda mfupi kabla ya sala ya adhuhuri, kisha ale wali wake. Akija kwangu nitamfanyia, na nitamwonyesha picha za Mason mwenyewe akiwa ndani ya suruali pana zinazoficha kila kitu, ambazo ndizo nyingi. Hakuna awezaye kusema kiuno chake ni cha kipimo gani, na bado picha inasimama.

Hilo la kurasa za jarida kutoulizwa na mtu umenizidi. Nilizisifu kwa kuwa haziuzi, na sikuangalia kwamba kutouza kwake ndiko kunakozipa uhuru wa kuonyesha mwili wowote wanaoutaka.

Ustadhi, nimekubali. Picha ya kifua wazi si ya fundi, na sina haja ya kuitetea. Ila usizitie zote kapu moja. Majarida haya ya mavazi ya wanaume yana upana ambao hatuutarajii; toleo moja la L'Uomo Vogue la mwaka 2012, lililoihusu Afrika, lilimweka jaladani Ban Ki-moon, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, amevaa suti yake ya kawaida ya ofisini.

PichaShela

Narudi kwa jambo moja. Fundi ameuliza kwa nini wengine hawakumbukwi. Nimeitafakari, nami nitakubali nusu. Ninapompiga kijana wa hapa picha za kuweka mtandaoni, na anataka zifanane na za Mason, huwa namwambia atembee kutoka mlango wa mawe hadi kwenye ukuta wa chokaa bila kunitazama, arudie mpaka achoke kujitazama. Anapochoka ndipo anakuwa mzuri. Mason anafika hapo mapema kwa sababu ya dansi, hiyo nusu nimekupa. Nusu ya pili siitoi: picha inayofuata ya kijana huyo ataipiga mwenyewe kwa simu, ameinua mkono juu, ameminya midomo, na ndiyo atakayoiweka. Mashabiki wa leo hawaigi wanachokiona katika kurasa. Wanaiga jinsi wanavyoona mashabiki wenzao wanavyoiga, na huko mwanamitindo mwenyewe hayupo tena.

MlaSamakiMalindi

Hiyo ya mwisho ni kweli kabisa. Huku Malindi nimeona mtindo mmoja wa suruali ukizunguka ufuo mzima, na nilipouliza umetoka wapi, nikaambiwa umetoka kwa kijana wa Watamu.

BaharinaMatondoni

Shikamooni wakubwa. Mimi ni kijana mmoja wa hao mnaowajadili, kwa hiyo niruhusuni niseme. Si kweli kwamba sote tunadhani nguo itatugeuza kuwa yeye. Mimi nafanya kazi ya mashua, na ninapoangalia zile picha zake napenda kwamba hana haraka. Kila mtu ninayemwona kazini ana haraka au amechoka. Yeye amevaa vazi ghali mno na amekaa chini sakafuni kana kwamba halitachafuka. Hilo ndilo ninalolitaka, na sidhani kama ni dhambi. Najua koti halitanipa, lakini Fundi, lazima nianze na kitu ninachoweza kukinunua.

Nina kitambaa cha kitani, mita tatu, nilinunuliwa na shangazi Mombasa. Ninataka koti la mabega mapana kama lile la mchukuzi. Utanipokea, na unatoza kiasi gani?

FundiLangoni

Marahaba, mwanangu. Umenijibu vizuri kuliko nilivyouliza, na hiyo ya kukaa sakafuni sikuwa nimeiona.

Mita tatu zinatosha koti, na suruali pia ikiwa kitambaa chako ni cha upana wa mita moja na nusu. Kikiwa chembamba, tutakata koti peke yake na mfuko wa ndani. Kitani chepesi hakibebi bega pana bila kanvasi, kitambaa kigumu cha kushika umbo, ndani yake, nayo kwa joto la Matondoni itakuchosha. Nakushauri bega la wastani, mkono uachwe mpana kwapani ili uweze kuinua tanga ukiwa umelivaa, na bitana mgongoni nusu tu. Kifue kitambaa kwa maji ya kawaida na ukianike kivulini kabla hujakileta, maana kitani hurudi. Bei tutazungumza ukifika. Si ya kuandika hapa, wateja wangu wengine wanasoma. Njoo baada ya alasiri siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na uje kabla kazi za kanzu za Maulidi hazijaanza, kwa sababu zikianza sichukui koti la mtu.